Mtoto anataka kuingia timu ya kuogelea: maswali ya wazazi wa Mtwara

Karibuni. Mimi ni katibu wa timu, na kabla ya hapo nilikuwa mzazi wa kukaa pembeni ya bwawa nimeshika taulo. Maswali yaliyomo humu naulizwa kila Januari shule zikifunguliwa. Mengine huulizwa mbele ya watu kwenye kikao, mengine mzazi ananisubiri getini kikao kikiisha, anauliza kwa sauti ya chini. Hayo ya getini ndiyo nimeyajibu kwa kirefu.

Mwanangu kazaliwa Shangani, anaingia baharini tangu hajaanza shule. Kwa nini mnampima tena?

Kuzoea bahari ni jambo moja, kuogelea ni jingine. Watoto wengi wa huku kwetu wanaogelea kichwa juu, mtindo wa mbwa, mita kumi hivi, halafu wanasimama kwa sababu maji yanawafika kifuani. Mpe sehemu isiyo na mahali pa kukanyaga uone. Kipimo chetu ni kidogo tu: aelee chali dakika moja bila kushika kitu, aende mita 25 kwa mtindo wowote bila kugusa chini, kisha atoke majini mwenyewe bila ngazi. Asiyeweza haturudishi nyumbani, anaanza darasa la awali.

Na niseme jambo ambalo wenyeji wa pwani hawapendi kulisikia. Baadhi ya watoto wetu wenye mtindo mzuri ni wale waliohamia kutoka Newala na Tandahimba, huko juu ambako maji ya kunywa yenyewe yalikuwa ya kuhangaikia. Walikuja hawajui chochote, kwa hiyo hawakuwa na cha kusahau.

Aanze na umri gani?

Miaka saba. Wa chini ya hapo tunawapokea darasa la awali tu, na mzazi au mlezi awe pale pale ukingoni. Sio kwenye simu garini.

Nitasema ukweli: naogopa. Kwetu kuna mtu alikufa maji.

Ni familia chache sana hapa zisizo na habari kama hiyo, kwa hiyo usione haya kuuliza. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao 300,000 walikufa maji mwaka 2021, na kwa watoto wa miaka 5 hadi 14 ni sababu ya tatu ya vifo duniani. Wazazi wengine wakisikia hivyo wanamfungia mtoto asikaribie maji. Lakini Mtwara hii utamfungia wapi? Ipo siku ataenda na wenzake, wewe hupo.

Tunavyofanya sisi ni hivi. Baharini kila mtu mzima anaangalia watoto sita, sio zaidi, na anawajua kwa majina. Tunafunga kamba yenye maboya, na nje ya kamba kuna mtumbwi wenye mtu anayejua maji ya pale. Kabla ya kuingia tunahesabu, kila robo saa tunahesabu, tukitoka tunahesabu. Hesabu ikipungua mmoja, wote wanatoka. Mara moja tulitoa watoto 22 majini kumbe wa 23 alikuwa amekwenda kununua ming'oko barabarani. Tulicheka baadaye, ila siku hiyo mikono ilitutetemeka.

Na nyie wazazi mnafundishwa pia, nusu siku, mara moja kwa mwaka, lazima. La kwanza: mtu akizama usimrukie kama hukufunzwa kuokoa, maana mtu anayetapatapa atakukumbatia mzame wawili. Mtupie kitu kinachoelea. Dumu tupu la mafuta la lita 20, kifuniko kimekazwa, kamba imefungwa kwenye mkono wake, linambeba mtu mzima. Tunayo mawili ufukweni kila mazoezi. La pili: aliyetolewa majini hapumui, usimning'inize kichwa chini, usimkandamize tumbo ili atapike maji. Anahitaji hewa. Anza kumpulizia pumzi, kisha kumkandamiza kifua, huku mwenzako anatafuta usafiri wa kwenda hospitali ya Ligula. Namba ya Zimamoto na Uokoaji ni 114. Mtu aliyezama akazinduka naye apelekwe hospitali hata akisema yuko sawa, maana mapafu yanaweza kumsumbua saa kadhaa baadaye.

Kwa nini ratiba ya Jumamosi inabadilika kila wiki? Tunashindwa kupanga mambo.

Hili ndilo lalamiko nambari moja, na wanaolalamika ni wa maofisini. Mvuvi hajawahi kuniuliza.

Ratiba ya Jumamosi, ya baharini, haipangwi na kocha, inapangwa na mwezi. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku yanachelewa kwa dakika kama 50. Zidisha kwa siku saba, unapata karibu saa sita. Maana yake Jumamosi hii saa nne asubuhi maji yamejaa, Jumamosi ijayo saa ile ile unatembea kwa miguu mahali tulipoogelea. Wakati wa bamvua, yaani mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, pwani yetu maji hujaa kwenye saa kumi hivi, jioni na alfajiri, na saa nne asubuhi yamekwenda mbali. Wakati wa maji mafu mambo yanageuka: saa nne ndiyo yamejaa, lakini kujaa kwenyewe ni kwa unyonge.

Sisi tunaingia saa moja na nusu kabla ya maji kujaa kabisa, tunatoka yakianza kurudi. Maji yanayojaa yanamsukuma mtoto kuja ufukweni, yanayokupwa yanamvuta kwenda nje, hasa bamvua likiwa kali. Tena yakipwa watoto wanapita juu ya mawe na majani, ndipo miiba myeusi inapowangoja.

Kwa hiyo wiki moja mazoezi ni saa mbili na nusu asubuhi, inayofuata ni saa nane na nusu mchana. Ukitaka kujua mwezi mzima mapema, angalia mwezi angani au muulize muuza samaki. Ratiba ya katikati ya wiki, ya bwawani, haibadiliki: Jumanne na Alhamisi saa kumi na nusu.

Wakati wa kusi je?

Kuanzia Juni hadi Agosti upepo ni mkali, maji yanatibuka na kuwa baridi, kwa hiyo sehemu kubwa ya mazoezi inahamia bwawani. Siku Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa tahadhari ya upepo na mawimbi makubwa hatuingii baharini hata jua likiwaka, na hatubishani na mtu juu ya hilo. Tuliona Mei 2024 kimbunga Hidaya kilivyoikata barabara ya Dar. Ngurumo nazo: tukisikia moja, wote nje, na tunasubiri nusu saa tangu ya mwisho. Bwawani pia.

Likizo anakwenda kwa bibi yake kijijini. Aendelee kufanya mazoezi mtoni?

Hapana. Ruvuma ina mamba na viboko, na mamba hajui kwamba huyu ni mwanamichezo. Madimbwi na mabwawa ya maji baridi yaliyotuama yana konokono wanaobeba kichocho. Kichocho hakipatikani baharini wala kwenye bwawa lenye dawa, ndiyo maana wazazi wengine wanasahau kwamba kipo. Mtoto akirudi kutoka kijijini anakojoa damu, mpelekeni hospitali, dawa ipo. Akiwa huko akimbie, apande miembe. Inatosha.

Binti yangu ni Muislamu. Atavaa nini?

Swali la getini, hili. Avae nguo inayositiri: suruali ya kubana hadi kifundo, mikono mirefu, na hijabu ya kuogelea inayoshika kichwa. Sharti letu ni moja, kitambaa kiwe cha kuogelea, kile kinachovutika na kisichonywa maji. Fulana ya pamba, buibui au kanga vikilowa vinakuwa mzigo, na vinaweza kumfunga miguu. Akina mama wawili wa timu wanashona nguo hizi kwa bei ya kawaida, niulizeni.

Alhamisi ni ya wasichana peke yao na kocha wa kike. Siku hiyo akina baba wanasubiri nje, na kaka wa miaka kumi na tatu naye ni mwanaume, msimlete. Kwenye mashindano tunamjulisha mwamuzi mapema kuhusu mavazi, tusije tukaanza kubishana mtoto yuko jukwaani.

Aliye kwenye hedhi aamue mwenyewe. Amwambie kocha wa kike "leo niko pembeni", haulizwi zaidi.

Na Ramadhani?

Mazoezi yanapungua hadi mara moja kwa wiki, na ni mepesi. Kuhusu kuogelea ukiwa umefunga na hofu ya kumeza maji, muulizeni sheikh wenu, sisi hatutoi fatwa. Hatusogezi mazoezi hadi baada ya futari kwa sababu baharini usiku hatuingizi mtoto. Aliyefunga hakosi nafasi yake ya timu kwa kutokuja.

Desemba kijana wetu anakwenda jandoni. Atarudi lini majini?

Akishapona kabisa, na mhudumu wa afya aseme amepona. Kidonda kilichofungwa vizuri bado ni kidonda, na maji ya bwawa wanaoga wengi. Hesabuni wiki sita, msiwe na haraka. Tunachoomba ni taarifa tu. Mwaka mmoja watoto wanne walipotea kwa mpigo kabla ya mashindano, kocha akadhani wamehamia timu ya mpira. Wasichana wanaokwenda unyagoni nao vivyo hivyo, tuambieni siku za kutokuwepo. Hatuulizi ya ndani.

Ninunue nini?

Miwani ya kuogelea, kofia, nguo, taulo, chupa ya maji. Basi. Ubao wa kupigia miguu na mapezi ni vya timu. Miwani ijaribiwe hivi: ibandike machoni bila kuvuta mpira, ikikaa sekunde mbili bila kuanguka, inamfaa. Usisugue kioo chake kwa kidole kwa ndani, unaondoa ile dawa ya kuzuia ukungu.

Msinunue nguo za bei mbaya mnazoziona mtandaoni. Zile suti zilizokuwa zinaelea zenyewe, zilizovunja rekodi 43 za dunia kule Roma mwaka 2009, zilipigwa marufuku tangu 2010. Siku hizi ni kitambaa tu kwa wote.

Nywele zilizosukwa hazina tatizo kama kofia inaingia. Azilowanishe kwa maji ya bomba kabla ya kuingia bwawani, apake mafuta kidogo. Nywele zilizokwisha kunywa maji safi hazinywi sana ya dawa. Na waoge kabla, tafadhali. Ile harufu kali inayowasha macho mnayodhani ni dawa nyingi, mara nyingi ni dawa iliyokutana na jasho na mkojo.

Ana tatizo la kiafya. Nikisema mtamkataa?

Tunachoogopa ni mzazi anayeficha. Pumu: karibu, dawa yake ya kuvuta iwe ukingoni, si kwenye begi lililofungwa. Masikio yanayotoa usaha au ngoma iliyotoboka: asubiri daktari. Masikio mazima yakaushwe kwa taulo, ainamishe kichwa, na msiingize kijiti cha pamba. Selimundu: baridi, uchovu na kukosa maji mwilini vinaweza kumwamshia maumivu, kwa hiyo tunataka barua ya daktari, anywe maji mara kwa mara, na atoke akisikia baridi kabla hajaanza kutetemeka. Tunaye mmoja, anaogelea chali vizuri kuliko kaka yake mzima. Kifafa: bwawani tu, na mtu mzima mmoja anayemtazama yeye peke yake. Baharini hapana, samahani.

Akichomwa na konyeza, ioshwe kwa maji ya bahari, msisugue kwa mchanga, na ile dawa ya mkojo muiache huko huko. Mwiba wa samaki taa ni maji ya moto ya kuvumilika na safari ya hospitali. Watoto tunawafundisha kuburuza miguu mchangani wakiingia, taa akisikia mtikisiko anaondoka mwenyewe.

Ale nini kabla?

Saa mbili kabla: uji, kiazi, muhogo wa kuchemsha, ndizi. Sio chipsi mayai njiani. Baada ya mazoezi watakuwa na njaa ya simba, kwa hiyo mfuko wa korosho na dafu ni bora kuliko soda.

Ada ni kiasi gani, na mkulima analipaje?

Elfu ishirini kwa mwezi, mtoto wa pili nusu yake. Sehemu kubwa inakwenda kukodi bwawa la hoteli. Anayetegemea korosho hana sababu ya kulipa kila mwezi, kwa sababu hapati kila mwezi. Anaweka ahadi kwa maandishi, analipa mwaka mzima minada ikishafanyika na fedha za stakabadhi ghalani zikiingia kwenye akaunti. Malipo ya mnada yakichelewa, tunajua, hata sisi tuna mashamba. Mtoto hatolewi majini kwa ajili ya ada. Mzazi ndiye anayeitwa.

Fomu isainiwe na anayeishi na mtoto. Kama ni mjomba au bibi, sawa kabisa, aje na kitambulisho.

Naruhusiwa kukaa na kuangalia?

Ndiyo, unakaribishwa. Kumfundisha ndiko tusikokutaka. Mtoto aliyeweka uso majini hasikii unachopiga kelele. Anachoona akiinua kichwa ni wewe umekunja uso. Kuna baba mmoja, namheshimu sana, alikuwa anatembea ukingoni sambamba na mwanawe akipunga mikono. Tulimpa saa ya kuhesabia sekunde awapimie watoto wa wenzake. Sasa ndiye mpima muda wetu mkuu, na mwanawe kapunguza sekunde tatu.

Nani anakuwa nao kwenye chumba cha kubadilishia nguo?

Hakuna mtu mzima anayekaa peke yake na mtoto, awe kocha, katibu au mfanyakazi wa hoteli. Wanakuwa wawili, wa jinsia moja na watoto, na wanasimama mlangoni. Simu hazitolewi mle ndani. Kocha hamwandikii mtoto ujumbe binafsi usiku, na hampakii kwenye bodaboda yake wawili peke yao. Picha za watoto wakiwa na nguo za kuogelea hazirushwi kwenye stetasi bila ruhusa ya mzazi, hata kama umefurahi kiasi gani. Mtoto akikwambia jambo lililomkera, msikilize kwanza. Kama hutaki kuanza na sisi, simu ya huduma kwa mtoto ni 116, ni bure.

Kwenye mashindano alimaliza wa kwanza, halafu akafutwa. Tumeonewa?

Mara nyingi hapana. Kwenye chura na kipepeo lazima mikono yote miwili iguse ukuta kwa pamoja, kila akigeuka na akimaliza. Mtoto akigusa kwa mkono mmoja kwa furaha ya kuongoza, kazi imekwisha. Kwenye kuanza, akiondoka kabla ya mlio anatolewa, hapewi nafasi ya pili. Na kwenye mitindo minne ya mtu mmoja mpangilio ni kipepeo, chali, chura, huru; kwenye kupokezana ni chali, chura, kipepeo, huru. Watoto wanachanganya, na sisi watu wazima tunachanganya zaidi. Rufaa inapelekwa na kocha, si na mzazi.

Lipo jambo la bwawa letu pia mjue. Lina mita 18. Mtoto akienda mita 100 hapa anageuka mara tano, na kila akigeuka anausukuma ukuta, anapumzika kidogo bila kujijua. Kwenye bwawa la mita 50 anageuka mara moja tu. Ndiyo maana watoto wetu wakienda Dar wanaanza kama mshale halafu mita ya 35 mikono inakuwa ya saruji. Dawa yake ni bahari, kule hakuna ukuta. Anayekwepa Jumamosi kwa sababu "bwawani panatosha" ndiye huyo anayelia Dar.

Safari ni kilomita zaidi ya 550, basi linaondoka alfajiri. Mmoja kati ya wazazi wanne wa zamu lazima asafiri nao.

Anaweza kufika Olimpiki?

Watanzania wamefika: Magdalena Moshi aliogelea London 2012 na Rio 2016, Hilal Hilal Rio na Tokyo, Sophia Latiff na Collins Saliboko Paris 2024. Kwa hiyo haliko mbinguni. Lakini mtoto wa miaka tisa msimuulize habari ya Olimpiki akitoka majini. Muulizeni kama anasikia njaa.

Anataka kuacha. Nimlazimishe?

Mwache amalize muhula aliouanza, kisha aamue. Wengi wanaotaka kuacha Julai ni baridi tu, Novemba wanarudi wenyewe. Kama kuna anayemwogopa, hilo ni jambo jingine, njoo tuzungumze siku hiyo hiyo. Akiacha kweli hakuna deni wala ugomvi, na darasa la nusu siku la wazazi bado unakaribishwa. Kofia ya timu tu mtuletee, zinatoka mbali.